Mdogo wangu kafungwa miaka 30 kwa bhangi: rufaa inaanzia wapi?

Swali: Shikamoo wakili. Naandika kutoka Chimala, wilaya ya Mbarali. Mdogo wangu ana miaka 24, anaendesha bodaboda. Usiku mmoja polisi waliingia kwenye nyumba aliyopanga na wenzake wawili, wakatoka na kiroba walichosema kilikuwa uvunguni mwa kitanda. Mahakama ya Wilaya imemtia hatiani kwa kusafirisha bhangi kilo 14 na kumfunga miaka 30. Wenzake waliachiwa mapema. Hakuwa na wakili. Sasa ni wiki ya saba, yupo gereza la Ruanda, na nakala ya hukumu hatujaipata. Mwenyewe anasema hakusafirisha kitu, walimkuta amelala. Je, muda wa rufaa umepita? Miaka inaweza kupunguzwa? Na kuna mtu hapo Mbeya mjini anataka milioni mbili "aongee na jaji". Tumeshauza ng'ombe mmoja.

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na hizo milioni mbili, maana naogopa ng'ombe wa pili ataondoka kabla hujamaliza kusoma. Usimpe mtu huyo hata shilingi. Rufaa ya mdogo wako haijapangiwa jaji, kwa sababu hati ya rufaa yenyewe haijafika Mahakama Kuu. Huyo mtu hana wa kuongea naye. Na siku jaji atakapopangwa, kumpelekea fedha ni kosa la rushwa linaloweza kukufunga wewe uliyetoa. Vishoka wa aina hii wanazijua familia zilizochanganyikiwa. Rufaa ikishinda kwa hoja watajitapa kuwa ni kazi yao, ikishindwa watasema kiasi kilikuwa kidogo. Fedha mliyonayo itafaa kwa nauli, nakala na wakili mwenye leseni atakayekupa risiti.

Sasa muda. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaweka vipindi viwili, na watu wengi wanakijua kimoja tu. Cha kwanza ni siku 10 tangu siku ya hukumu, ambazo mfungwa anatakiwa kutoa taarifa kwamba anakusudia kukata rufaa. Taarifa hiyo ni karatasi fupi, haihitaji sababu yoyote. Cha pili ni siku 45 za kuwasilisha hati ya rufaa yenyewe, ile yenye sababu. Katika kuhesabu hizo siku 45, muda uliotumika kusubiri nakala ya mwenendo (kumbukumbu za kesi alizoandika hakimu) na hukumu unatolewa. Kwa hiyo wiki ya saba isikutishe. Kama mliomba nakala na hamjapewa, siku hizo hazihesabiwi dhidi yenu.

Kinachonitia wasiwasi ni zile siku 10. Mfungwa akifika gerezani huulizwa kama anataka kukata rufaa. Akisema ndiyo, fomu inajazwa, anaweka sahihi au dole gumba, na mkuu wa gereza anaipeleka mahakamani. Lakini kijana aliyetoka kusomewa miaka 30 anaweza asisikie hata anachoulizwa. Nenda Ruanda siku ya kutembelea wafungwa, mwulize mdogo wako kama aliweka dole kwenye karatasi ya namna hiyo na lini. Kisha omba kuonana na afisa anayeshughulikia rufaa, uone tarehe na muhuri wa mahakama iliyoipokea.

Ukikuta haikutolewa, au ilitolewa ikiwa imechelewa, msikate tamaa. Yanapelekwa maombi ya kuongezewa muda Mahakama Kuu, Kanda ya Mbeya, yakiambatana na hati ya kiapo inayoeleza kwa nini mlichelewa. Hapo ndipo maombi mengi huharibika. Mtu anaandika kwamba alichelewa "kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake", basi. Jaji anataka kila siku ielezwe. Hukumu ilitolewa lini, mfungwa alifika gerezani lini, aliomba nakala lini, alijibiwa nini, alihamishwa gereza lini kama alihamishwa, aliugua lini na kielelezo cha hospitali kiko wapi. Mahakama zetu zinatambua kwamba mfungwa hana uhuru wa kwenda kwa Msajili mwenyewe na kwamba anategemea maafisa wa magereza. Ila ukisema afisa ndiye aliyekawia na karatasi, kiapo chako peke yako hakitoshi. Pata na kiapo cha afisa huyo, au angalau barua ya gereza. Maafisa wengi hutoa wakiombwa kwa adabu, kwa kuwa hawakupanga kumkomoa mtu.

Kama bado hamjaandika barua ya kuomba nakala ya mwenendo na hukumu, iandikeni wiki hii, kwenda kwa hakimu mfawidhi wa Mahakama ya Wilaya ya Mbarali, pale Rujewa. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ubaki nayo. Karatasi hiyo yenye muhuri ndiyo itakayothibitisha kwamba mlikuwa mnasubiri.

(Sitataja namba za vifungu. Sheria zetu zimetolewa upya katika toleo la mwaka 2023 na vifungu vingi vimebadilika namba. Wakili wako ataandika namba zinazotumika sasa.)

Tukifika kwenye rufaa yenyewe, nataka nikuondoe kwenye wazo moja ambalo familia nyingi hunijia nalo. Mnadhani rufaa ni nafasi ya mdogo wako kusimama tena mbele ya mtu mkubwa zaidi na kusimulia upya, safari hii aaminiwe. Sivyo. Jaji hatawaita polisi tena wala hatamwita mjumbe wa mtaa. Atasoma mwenendo, yaani kile alichoandika hakimu siku hadi siku wakati kesi inasikilizwa, na kujiuliza kama Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ilithibitisha shtaka bila kuacha shaka yoyote ya msingi. Rufaa ya kwanza ina faida kubwa hapo, kwa sababu Mahakama Kuu inaruhusiwa kuupima ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake yenyewe. Lakini inaupima kwenye karatasi. Ndiyo maana nakala ya mwenendo ina thamani kuliko machozi yetu sote, na wakili anayekuandikia sababu za rufaa kabla hajaisoma anakupotezea muda.

Hoja ya "hakusafirisha, walimkuta amelala" naielewa, na kwa akili ya kawaida ina mantiki. Kisheria haitamsaidia. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 imelipa kosa la kusafirisha maana pana mno: kununua, kuuza, kuhifadhi, kumiliki, kugawa na kupeleka, vyote vimo. Kiroba kilicho uvunguni kinaweza kabisa kuwa usafirishaji. Kwa hiyo msijaze hati ya rufaa na malalamiko kwamba hakukuwa na gari wala pikipiki. Hoja yenye nguvu iko jirani na hiyo: je, kiroba kilikuwa chake? Umesema nyumba walipanga watatu. Chumba kilikuwa cha nani? Kitanda cha nani? Mlango ulikuwa na ufunguo, na ufunguo alikuwa nao nani? Kumiliki kunahitaji mtu awe anajua kitu kipo na awe na mamlaka nacho. Kama mashahidi wa Jamhuri walisema tu "tulikikuta ndani ya nyumba" na hakuna aliyethibitisha kwamba chumba kile ni cha mdogo wako peke yake, hapo pana shaka ya kweli. Soma pia jinsi wenzake walivyoachiwa. Kama mwenye nyumba hakuitwa kutoa ushahidi, hilo nalo ni la kusemwa.

Halafu fuateni safari ya kiroba. Katika kesi za dawa za kulevya hapa ndipo Jamhuri huanguka mara nyingi, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ni jambo unaloweza kulianza wewe mwenyewe, kabla hata ya kumlipa mtu.

Chukua daftari na kalamu. Soma ushahidi wa kila shahidi wa Jamhuri, na kwa kila mmoja andika: alikipokea kiroba kutoka kwa nani, tarehe gani, saa ngapi, kikiwa kimefungwa vipi, kina alama gani, kina uzito gani, na alimkabidhi nani. Ukimaliza una safari nzima kutoka uvunguni mpaka kwenye meza ya hakimu. Kwa kawaida inapita kwa askari aliyekamata, mtunza vielelezo wa kituo, askari aliyesafirisha sampuli kwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali (ofisi ya kanda yetu iko Mbeya), mkemia aliyepima, askari aliyerudisha, kisha mtunza vielelezo tena mpaka mahakamani. Kila mkono unatakiwa uonekane. Mahakama ya Rufaa iliweka kipimo hicho katika Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007, ambayo mawakili wa jinai tunaitaja karibu kila wiki: kuwe na kumbukumbu za mfululizo zinazoonyesha kielelezo kilivyokamatwa, kilivyotunzwa, kilivyohamishwa na kilivyochunguzwa, ili isiwezekane kubadilishwa au kupandikizwa.

Mfano wa kile unachotafuta. Shahidi wa kwanza anasema walikamata "mfuko wa salfeti mweupe uliofungwa kwa kamba". Mkemia anasema alipokea "boksi la kaki lenye lakiri". Hakuna shahidi hata mmoja anayesema nani alitoa majani kwenye salfeti na kuyaweka kwenye boksi, wapi, na mbele ya nani. Au: ukamataji ulikuwa Ijumaa usiku, daftari la vielelezo linaonyesha kiroba kiliingia stoo Jumatatu asubuhi, na hizo siku katikati hakuna anayesema kilikuwa wapi. Au uzito. Hati ya mashtaka inasema kilo 14, mkemia anasema kilo 11 na nusu. Jamhuri inaweza kujibu kwamba majani yalikuwa mabichi na yamekauka, na mara nyingine ni kweli. Lakini maelezo hayo yanatakiwa yatoke mdomoni mwa shahidi wakati wa kesi. Wakili wa Serikali hawezi kuyaleta mwenyewe siku ya rufaa.

Nikuambie na upande wa pili. Hukumu za baadaye zimelegeza kidogo. Mahakama ya Rufaa imesema kukosekana kwa karatasi moja ya makabidhiano hakuangushi kesi ikiwa mashahidi walieleza kwa mdomo, kwa ufasaha, jinsi kitu kilivyotoka mkono mmoja kwenda mwingine, na kama hakuna dalili ya kuchezewa. Kwa hiyo "hawakujaza fomu" peke yake ni hoja dhaifu. "Hawakujaza fomu, na shahidi wa pili na wa nne wanapingana kuhusu nani alikikabidhi, na alama aliyoitaja wa kwanza haikuonekana kwenye kielelezo kilicholetwa mahakamani" ni hoja ya kumfanya jaji aache kuandika na kumgeukia Wakili wa Serikali.

Upekuzi nao uangaliwe. Ulifanyika usiku. Kanuni ni kwamba hati ya upekuzi itekelezwe kati ya jua kuchomoza na kuzama, isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine. Zipo njia za dharura zinazowaruhusu polisi kuingia bila hati, ila dharura iwe dharura. Kama askari mwenyewe alisema kizimbani kwamba taarifa za mtoa habari alizipata asubuhi na wakaenda usiku, basi alikuwa na mchana mzima wa kutafuta hati. Angalia pia kama palikuwa na shahidi huru, kwa mfano mwenyekiti wa kitongoji au balozi, kama aliitwa kabla ya msako au baada ya kiroba kutolewa nje, kama alisaini hati ya ukamataji, na kama alikuja mahakamani. Usiku peke yake hauwezi kubeba rufaa. Usiku pamoja na shahidi huru asiyeletwa na chumba kisichojulikana ni cha nani, huo ni mzigo mzito kwa Jamhuri.

Nyaraka zina kanuni rahisi ambayo huvunjwa mara nyingi ajabu. Hati ikishapokelewa kuwa kielelezo, lazima isomwe kwa sauti ili mshtakiwa ajue kilichomo. Huo ni msimamo wa Mahakama ya Rufaa tangu 2003. Tafuta kwenye mwenendo, baada ya hakimu kuandika kwamba amepokea kielelezo P1 au P2, kama pameandikwa kuwa shahidi alikisoma. Kama hapajaandikwa, hati hiyo inaweza kuondolewa kwenye kumbukumbu. Ikiondolewa hati ya ukamataji, simulizi ya askari na ya shahidi huru inaweza kuziba pengo lake. Ikiondolewa taarifa ya mkemia, na mkemia mwenyewe hakueleza kwa mdomo alichokiona kwenye vipimo, Jamhuri inabaki na majani ambayo hakuna aliyethibitisha kuwa ni bhangi.

Hujaniambia kama mdogo wako aliandika maelezo ya onyo polisi, yaani yale ya mtuhumiwa aliyeonywa kwanza kwamba yanaweza kutumika mahakamani. Wengi huandika. Kama yapo, angalia saa. Polisi wana saa nne za msingi za kumhoji mtu tangu akamatwe, na wakihitaji zaidi wana utaratibu wa kuongeza. Mtu aliyekamatwa saa tano usiku na maelezo yake kuandikwa kesho yake mchana, bila nyongeza ya muda kueleweka, ana hoja. Angalia pia alisema nini siku maelezo yalipoletwa mahakamani. Kama aliyapinga akisema alipigwa au hakuyaandika, hakimu alitakiwa asimamishe kesi kuu na kuchunguza jambo hilo kwanza. Kama alinyamaza, kazi ni ngumu zaidi, na sitakuficha hilo. Kutokuwa na wakili kulimuumiza hapa, kama kunavyowaumiza wengi. Shahidi akisema jambo zito na mshtakiwa asimuulize swali, mahakama huchukulia kwamba amelikubali.

Kuna mambo mawili ya kuangalia mwanzoni kabisa mwa faili, kabla ya ushahidi. Moja: kesi imeandikwa ni ya jinai ya kawaida au ya uhujumu uchumi? Makosa mengi ya dawa za kulevya huangukia kwenye uhujumu uchumi, na Mahakama ya Wilaya haina mamlaka ya kuyasikiliza mpaka pawepo kibali cha kushtaki na hati ya kuipa mahakama hiyo mamlaka, kutoka kwa Mkurugenzi wa Mashtaka au afisa aliyekasimiwa. Hati hizo ziwepo kwenye faili, zitaje vifungu sahihi vya kosa analoshtakiwa, na mwenendo uonyeshe zilipokelewa. Zikikosekana au zikitaja vifungu visivyo, kesi nzima huwa batili, kwa kuwa mahakama ilisikiliza jambo isilo na uwezo nalo. Jambo hili halihitaji kuwa lilipingwa wakati wa kesi. Suala la mamlaka huibuliwa wakati wowote. La pili: kesi ilisikilizwa na hakimu mmoja mpaka mwisho? Mahakimu wa wilayani huhamishwa. Akiingia wa pili kuendelea na kesi iliyoanzwa na mwenzake, sababu za kubadilishana zinatakiwa ziandikwe. Kimya kwenye mwenendo kimewahi kubatilisha kesi nyingi.

Kama alikiri kosa siku ya kwanza, hali ni tofauti. Aliyekiri hukata rufaa dhidi ya adhabu tu, kama ilizidi au haikuwa halali. Anaweza kupinga kutiwa hatiani akionyesha kwamba kukiri kwenyewe hakukuwa kamili au kulikuwa na utata, alikiri kwa kutoelewa, hati ya mashtaka haikuonyesha kosa, au maelezo aliyosomewa hayakuunda kosa. Kwenu huku naona hili likitokea kwa kijana anayesema "ni kweli", akimaanisha ni kweli alikamatwa. Kwa kuwa umeandika juu ya kesi iliyosikilizwa, nadhani mdogo wako hakukiri, lakini hakikisha.

Umeuliza kuhusu kupunguzwa miaka. Kwa kilo 14 za bhangi, sheria imeweka miaka 30. Uzito ukizidi kiwango kilichowekwa adhabu ni kifungo cha maisha. Hakimu hakuwa na nafasi ya kutoa mitano au kumi, na jaji naye hana, maadamu kutiwa hatiani kunabaki palepale. Kwa hiyo hoja kwamba ni kijana mdogo, ni kosa la kwanza, anamtunza mama, zote za kweli na zote zinaniuma, hazitashusha miaka hiyo. Miaka inashuka ikiwa kosa lenyewe linabadilika, kwa mfano uzito uliothibitishwa ukawa mdogo sana kuliko ulioandikwa, au ikiwa mshtakiwa alikuwa chini ya miaka 18 siku ya tukio, kwa sababu mtoto hafungwi jela. Umesema ana miaka 24. Kesi ilikaa muda gani? Sidhani kama inafika huko, ila kwa msomaji mwingine ambaye kijana wake alikamatwa akiwa na miaka 17, cheti cha kuzaliwa ni jambo la kutafuta leo.

Jaji anaweza kufanya nini? Anaweza kufuta hukumu na kumwachia huru. Anaweza kuitupa rufaa. Anaweza kubadili kosa. Akikuta adhabu ni ndogo kuliko sheria inavyotaka anaweza kuiongeza, ingawa kwenu sioni hatari hiyo. Na anaweza kubatilisha mwenendo na kuamuru kesi isikilizwe upya, jambo ambalo familia huwa hazilitarajii. Mtu anashangilia kushinda rufaa kisha anaambiwa mdogo wake anarudi mahabusu. Ndiyo maana wakili mzuri hasimami na hoja ya ubatili peke yake. Tangu 1966 mahakama za ukanda wetu zinafuata msimamo kwamba kesi haisikilizwi upya ili kuipa Jamhuri nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake. Kwa hiyo mwambie wakili aandike hoja ya kibali na mamlaka, kisha amuonyeshe jaji kwamba hata kesi ikirudiwa, ushahidi uliopo hautoshi. Hoja ya safari ya kiroba inafanya kazi mara mbili hapo.

Sababu za rufaa ziwe chache na ziwe na kitu ndani. Gerezani kuna wafungwa wanaosaidia wenzao kuandika, na Mungu awabariki, lakini mara nyingi hunakili karatasi ileile kwa kila mtu: "hakimu alikosea kisheria na kiushahidi kumtia hatiani mrufani wakati shtaka halikuthibitishwa." Jaji ataipokea, ila haimwambii atazame wapi. Linganisha na hii: "hakimu alikosea kutegemea kielelezo P3 wakati shahidi wa kwanza alisema alikamata mfuko wa salfeti na shahidi wa tano alisema alipokea boksi, bila ushahidi wa nani alihamisha kilichomo." Sababu tano za namna hii zinatosha. Kama hati ya kwanza imeshapelekwa ikiwa dhaifu, wakili anaweza kuomba kuongeza sababu kabla ya usikilizwaji.

Dhamana wakati rufaa inasubiri ipo kisheria, ila kwa kifungo cha miaka 30 huhitaji sababu za pekee na rufaa yenye dalili kubwa ya kushinda. Msiimalizie fedha huko.

Kwa wakili, kama hamna uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inampa hata jaji uwezo wa kuelekeza mtu apatiwe msaada pale haki inapohitaji. Anza na ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya au watoa msaada waliosajiliwa walioko Mbeya, na uliza chama cha mawakili, Tanganyika Law Society, kuhusu wanaojitolea. Ukimpata wakili wa kulipa, mwombe namba yake ya uwakili na mkataba wa maandishi. Ukitaka kujisomea, tovuti ya TanzLII inaweka hukumu za Mahakama Kuu na za Mahakama ya Rufaa bure. Nyingi bado ni za Kiingereza, ingawa tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu kisheria.

Siku ya kusikilizwa, Jamhuri itawakilishwa na Wakili wa Serikali. Msishangae akisimama na kusema haipingi rufaa. Hutokea pale wenyewe wanapoona pengo. Hata hivyo jaji ndiye anayeamua.

Mkishindwa Mahakama Kuu, taarifa ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufaa inatakiwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi huo, na mdogo wako aitoe gerezani siku hiyohiyo akirudishwa. Huko watakaa majaji watatu na wataangalia hoja za kisheria tu, hivyo ubishi wa ushahidi umalizwe hapa. Msiweke matumaini kwenye msamaha wa Rais wala parole (kuachiwa mapema kwa masharti), kwa sababu waliofungwa kwa biashara ya dawa za kulevya kwa kawaida huachwa nje ya misamaha, na sheria ya parole haiwahusu.

Ukienda Ruanda nenda na karatasi, umwachie mdogo wako aeleze kwa maneno yake usiku ule ulivyokuwa: nani aliingia kwanza, kiroba kilionwa wapi na nani alikiona kwanza, balozi alifika saa ngapi, alisaini nini na wapi. Atakapopata mwenendo, wakili ataweka maelezo hayo kando ya maneno ya mashahidi. Mkipewa nakala, nitumie ukurasa wa hati ya mashtaka na ushahidi wa mtunza vielelezo kwanza; hizo kurasa zinatosha kunionyesha kama tunaanza na hoja ya mamlaka au na kiroba.